Beseni Juu ya Jeneza la Nanay Tista

"Liondoe hilo beseni juu ya Nanay."

"Nikiliondoa atanyeshewa."

"Basi tumtoe humu. Tumpeleke uwanja wa mpira wa kikapu, kwenye paa la bati, kama watu wengine."

"Hatoki."

"Sepa, mimi ndiye mkubwa."

"Mkubwa ulikuwa Cebu, Mano. Hatoki."

Wasikilizaji wapendwa, hayo ni maneno ya watoto wawili wa mama mmoja. Rodelio, kaka mtu, ndiye huyo Mano, na Sepa, mdogo wake. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, katika kijiji chetu cha Malobago, huku Samar ya mashariki. Walisimama pande mbili za jeneza la mama yao. Juu ya jeneza, pale penye kioo cha kutazamia uso, palikuwa na beseni jekundu la plastiki, la kufulia. Tone lilianguka kutoka juu, likaingia ndani ya beseni. To. Kimya. Kisha lingine. To.

Waombolezaji waliokuja kumtazama marehemu walitazama beseni.

Aliyelala chini ya lile beseni ni Teofista Gabornes, mama tuliyemwita Nanay Tista. Miaka sitini na minane. Wengi wenu mmelala chini ya kazi yake. Baada ya ile dhoruba ya Novemba, miaka sita iliyopita, Nanay Tista alifunga maturubai kwenye nyumba mia moja thelathini na moja. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi. Nyumba mia moja thelathini na moja, kuanzia kanisani hadi mdomo wa mto. Na paa la nyumba yake mwenyewe lilikuwa linavuja.

Jambo hilo hatutalipamba. Yeye mwenyewe asingelipamba.

Tulirudishe beseni nyuma kidogo, tuanze na mtoto.

Teofista alizaliwa hapahapa Malobago, mama yake akiwa mshona makuti ya mnipa. Mnaijua kazi hiyo. Unachukua jani, unalikunja juu ya ufito wa mwanzi, unalishona, unachukua jani la pili. Akiwa na miaka tisa alikuwa anamaliza makuti themanini kwa siku. Mdogo wake, Ebang, yuko hai, na jana alikuwa jikoni akikaanga samaki wakavu wa matanga. Ametuambia hivi:

"Mimi nilikuwa mvivu, sifichi. Tista alikuwa hasemi, anakunja tu. Ukimwuliza una njaa, anakunja. Ungemwambia nyumba inaungua, angemalizia kuti lake kwanza."

Aliolewa na Fermin, mgema wa minazi, mtu wa maneno mengi. Watu walisema nyumba ile ina ulimi mmoja na mikono minne. Walizaa watoto wawili tu, Rodelio na Sepa. Rodelio alikwenda Cebu kufanya kazi kwenye kiwanda cha viti. Sepa alibaki, akaolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake. Anauza mikate ya mchele sokoni. Sasa ana miaka arobaini na mmoja.

Kisha ikaja dhoruba. Sitaisimulia, nyote mlikuwapo. Nitasema la nyumba hii tu. Walipokwisha kukimbilia shuleni, Fermin alikumbuka kwamba nguruwe amefungwa. Akarudi kumfungua. Nguruwe alipatikana siku ya pili, juu ya ukuta wa kanisa, mzima. Fermin hakupatikana.

Nanay Tista alimtafuta siku nne. Siku ya tano alianza kazi.

Wiki ile maturubai yalikuwa yameshuka na lori la msaada. Ya buluu, mazito, yananuka mafuta. Watu waliyapigilia misumari moja kwa moja kwenye fito, wakaingia chini, wakalala. Upepo wa kawaida tu, wa wiki ya tatu, ukayachana yote. Kila penye msumari palikuwa na tundu, na kila tundu likawa mpasuko. Kijana mmoja mhandisi wa msaada alikuwa juu ya ngazi akipigilia upya. Nanay Tista alisimama chini akimtazama.

"Mwanangu, unalitoboa."

"Ndivyo linavyofungwa, Nanay."

"Ndivyo linavyochanika. Shuka nikuonyeshe."

Akachukua ufito wa mwanzi. Akaukunja ukingo wa turubai juu ya ufito, kama jani la mnipa. Mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ndipo akapiga msumari, kupitia mikunjo yote mitatu na ule mwanzi ndani yake. Akamwambia kijana aning'inie nalo, aone kama litachanika. Kijana akaning'inia. Halikuchanika. Kuanzia siku hiyo hakukuwa na mwingine wa kuulizwa. Mtu akitaka kufunga turubai Malobago, alimwita Nanay Tista. Kunja mara tatu ndipo upige msumari. Kama unasikiliza na una turubai mkononi, nasema tena: kunja mara tatu.

Lilibaki tatizo la kichwa cha msumari. Kichwa ni kidogo, turubai linapita juu yake. Panahitajika kitu cha kuweka kati, kipana, laini. Ufukweni kulikuwa na kandambili. Mnakumbuka. Bahari ilikuwa imerudisha kandambili zetu zote, moja moja, hakuna jozi. Nanay Tista alikwenda na gunia. Alizikusanya, akakaa mlangoni, akazikata kwa panga vipande vya duara, kila kimoja ukubwa wa sarafu. Kipande cha kandambili, msumari katikati, turubai halipiti. Kandambili moja ya mtu mzima ilimpa vipande kumi na viwili, ya mtoto vitano.

Sepa alikuwa akimshikia gunia. Anasema siku moja alitoa kandambili ya kijani, ya mguu wa kulia, ambayo ukanda wake ulikuwa umefungwa kwa waya wa shaba. Waya ule aliufunga Sepa mwenyewe, mwezi wa nane, kwa sababu baba yake alikataa kujinunulia nyingine.

"Nilimwangalia Nanay," anasema Sepa. "Alitoa waya, akauweka pembeni. Halafu akaikata kama zile nyingine. Ilikuwa imeliwa sana, ilitoa vipande vinne tu. Akasema, hivi ni vyetu. Akachukua nyingine."

Vipande vile vinne vya kijani vilikwenda kwenye pembe nne za paa lao. Turubai lilipochakaa wakaweka la pili, kisha la tatu. Kila mara vipande vinne vilirudi palepale, pembe nne.

Labda unajiuliza kwa nini miaka sita turubai. Nyumba yao imo ndani ya zile mita arobaini kutoka baharini. Wakubwa walisema pale hakuna kujenga kwa kudumu, kwa hiyo hakuna bati. Waliambiwa watapewa nyumba kule juu, nyuma ya shule. Waliambiwa wasubiri. Wakasubiri.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wetu sisi watu wa Malobago. Nasema ugonjwa, kwa sababu sioni jina lingine. Sisi tukipewa kitu kipya, hatukitumii. Sahani mpya ni za mgeni. Shuka jipya ni la padri akipita. Na turubai jipya, wasikilizaji wapendwa, ni la matanga. Mtu analala chini ya turubai lenye matundu, watoto wanakohoa, na chini ya kitanda kuna turubai jipya ndani ya plastiki yake. Linamngoja mtu afe, ili waombolezaji wakae kivulini wacheze karata wanywe kahawa, na majirani waseme nyumba hii imejiandaa.

Nanay Tista aliuchukia mtindo huo. Alikuwa anaingia nyumba za watu, anainama, anachungulia. Isko, jirani yake aliyemwita Mana, yaani dada mkubwa, amekubali tumtaje.

"Isko, una turubai jipya?"

"Sina, Mana Tista."

"Na hicho kinachochungulia chini ya kitanda ni nini, mguu wa mkeo?"

"Mana, hilo ni la matanga ya mama."

Mama yake Isko, miaka tisini, alikuwa ameketi palepale akimenya muhogo. Akasema, "Mimi niko hapa. Nasikia."

"Umeona?" alisema Nanay Tista. "Maiti haioni mvua, Isko. Mama yako anaiona. Lete ngazi."

Aliyavuta hivyo maturubai mengi, chini ya vitanda vingi. Mengine kwa ugomvi. Kuna mwanamke mmoja aliyelikalia lake lisivutwe. Nanay Tista akaketi kando yake nusu siku, akila biskuti zake, mpaka mwenyewe akainuka.

Ndiyo maana lililotokea nyumbani kwake ni gumu kulisema. Nalisema.

Mwezi wa kumi na moja mwaka huu, turubai la tatu lilianza kuvuja, upande wa dirisha. Magoti ya Nanay Tista yalikuwa yamekwisha, hapandi tena ngazi. Sepa alimwambia, "Nitapanda Jumapili." Jumapili ya kwanza alikuwa na oda ya mikate ya harusi. Jumapili ya pili aliumwa kichwa. Jumapili ya tatu ilinyesha kutwa. Katika siku hizo Nanay Tista alihamisha mkeka wake, akaulaza upande wa dirisha, penye tone. Upande mkavu akampa Sepa. Sepa alikataa. Mama akamjibu kwamba yeye amekulia chini ya makuti, ngozi yake ni ya kuti, mvua inateleza. Kikohozi kikaanza. Wakamfikisha hospitali ya mjini siku ya Ijumaa, wakaambiwa mapafu yamejaa.

Jumapili ya nne alifariki.

Sepa anasema hakuhisi kitu. Alirudi na gari lililobeba jeneza, akafungua njia ya kulipitisha, akapanga viti. Watu walimshika mabega, na yeye alikuwa akitazama kama viti vinatosha. Tone lilipoanza kugonga kioo cha jeneza alikwenda kuchukua beseni, kama anavyolichukua siku zote. Aliliweka. Lilikaa vizuri. Akaenda kuchemsha maji ya kahawa. Ni watu walioingia baada yake walionyamaza.

Rodelio aliwasili Jumanne kwa meli. Aliinama chini ya kitanda kutafuta rozari ya mama yake, aiweke mikononi mwa marehemu. Akatoka na kifurushi. Turubai jipya, la buluu, halijafunguliwa. Juu ya plastiki palikuwa na utepe mweupe, na maandishi ya Nanay Tista, herufi kubwa: LA MATANGA YANGU. LISIFUNGULIWE KABLA.

Rodelio alicheka, kisha akaacha. Akamwuliza dada yake, "Ulijua?"

"Sikujua."

"Unaishi naye humu, hukujua?"

"Aliwachungulia watu wote. Nani angemchungulia yeye?"

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijarudi kwenye lile beseni, niwape pole wanaostahili. Pole Rodelio. Pole Sepa. Pole Ebang, uliyebaki peke yako katika watoto wa mshona makuti. Pole kwa nyumba zote mia moja thelathini na moja, kwa sababu kila moja ilimtoa jasho. Atazikwa kesho saa tatu asubuhi, kando ya lile kaburi lenye jina la Fermin ambalo ndani yake hakuna mtu. Anayeweza kubeba kiti aje nacho.

Na ninyi mlio nyumbani, sitaki mseme masikini Nanay Tista halafu mzime redio. Inameni. Chini ya kitanda chako kuna nini? Ni cha nani? Anayekihitaji leo yuko wapi, na amelala upande gani wa chumba? Hata mtu aliyelijua jambo hili kuliko sisi sote, turubai lake liliishia chini ya kitanda. Basi wewe usijiamini.

Sasa beseni.

Jumatano, saa nne asubuhi. Sepa amesema hatoki. Mvua ndogo ya Desemba inaendelea. Uani watu wamejibana chini ya ukingo wa paa, karata mkononi, vikombe vinaingia maji.

"Kapiteni wa kijiji amekubali," alisema Rodelio. "Uwanja hauna mtu mpaka Jumamosi. Kuna taa, kuna paa. Watu wanacheka, Sepa. Mama aliyeezekea kijiji kizima amewekewa beseni."

"Wacheke."

"Basi tufanye alivyoandika. Tulifungue turubai, tulitandaze uani, watu wakae. Hilo angalau ni neno lake."

Sepa alikuwa anasikiliza tone. Anasema ndani yake palikuwa kama ganzi ya jino, unajua jino lipo, hulihisi. To. Aliwaza kwamba beseni limekaribia nusu. Aliwaza kwamba matanga yakiisha watu watakunja turubai, Rodelio atarudi Cebu, na yeye atalala humu, chini ya tundu lilelile. Tone halitamngojea mpaka Jumapili.

Akalichukua turubai. Akachana utepe, akachana plastiki.

"Vizuri," alisema Rodelio. "Niite vijana watandaze."

"Linakwenda juu."

"Ameandika la matanga. Hujui kusoma?"

"Nimesoma. Angelikuta hili chini ya kitanda cha Isko, angesema nini?"

Kutoka mlangoni Isko akasema, taratibu, "Angeuliza kama ni mguu wa mke wangu."

Watu wawili watatu walicheka, wakajizuia. Hapo Mana Basyon, anayetuongozea sala za wafu, akainuka na rozari yake. Mnamjua, haongei bure.

"Sepa. Nyumba yenye maiti haipigiliwi msumari. Hata kufagia hatufagii. Ukigonga, unamwita mwingine afe."

"Basi aje, Mana. Anishikie ngazi."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mana Basyon alifanya ishara ya msalaba. Sepa alivua viatu, akachukua nyundo, akatoka mvuani. Ngazi ilikuwa palepale ilipoegemezwa tangu mwezi wa kumi na moja. Akapanda.

Kwanza alichomoa pembe nne. Misumari ilikuwa na kutu, ilitoka kwa shida. Vipande vinne vya kijani akavitia mdomoni, kwa kukosa mfuko. Vilikuwa na ladha ya chumvi, anasema, na ya mpira. Alilivuta turubai la zamani, likashuka upande wa nyuma. Kwa muda mfupi nyumba haikuwa na kitu juu, na chini yake Ebang alikuwa amemfunika marehemu kwa mwamvuli, beseni na vyote.

Alipogeuka kutafuta fito, aliziona zimenyooshwa mbele yake. Rodelio alikuwa kwenye ngazi, shati lake la safari limelowa, akimpa mwanzi mmoja baada ya mwingine.

"Mara ngapi?" aliuliza.

Sepa hakuweza kusema, mdomo ulikuwa umejaa. Akamwonyesha vidole vitatu.

Wakakunja mara tatu. Wakagonga. Malobago nzima ilisikia nyundo kutoka nyumba yenye maiti, na hakuna aliyekwenda kuwazuia. Kwa pembe nne Sepa alivitoa vipande mdomoni, kimoja kimoja, akaviweka chini ya vichwa vya misumari, akapiga.

Hakulia. Ametuomba tusiseme kwamba alilia, kwa sababu hakulia.

Aliposhuka ndani palikuwa pakavu, na mwanga umekuwa wa buluu. Mwamvuli ulikuwa umekunjwa. Walisimama tena pande mbili za jeneza, wakingoja tone. Halikuanguka. Wakangoja zaidi. Halikuanguka.

Sepa aliliinua beseni, akaufuta unyevu wa kioo kwa pindo la gauni lake. Uso wa Nanay Tista ukaonekana wote.

"Waambie waingie," alimwambia kaka yake.

Akaenda na beseni mlangoni, akamwaga maji, akalisuuza, akaanza kuoshea humo vikombe vya kahawa.